Karibu, Wewe Usiyeonekana

Haya nnayoyaeleza hayakutokea zamani za mababu, wala hayakumfika rafiki wa rafiki yangu. Yametokea nyuma ya uwanja wa mpira, jua lingali juu, gilasi ya tangawizi imo mkononi mwangu, na mkono wenyewe ndio huu ninaoandikia. Usiponiamini sitakulaumu. Skuli nimeishia darasa la saba, na hata haya mambo ya siku ninayoyaandika kabla ya kulala, asubuhi nikiyasoma huwa najiuliza, hivi kweli yalikuwa hivi? Lakini Bi. Mize yupo, hai na mzima. Haji yupo. Na bao lipo, limefunikwa kanga. Nenda katizame, ila usiguse.

Kwanza nikujuulishe mahali. Ukitoka mlango wa nyuma wa uwanja ukaifuata harufu ya tangawizi, hupotei. Bi. Mize ana mapipa yake uani, na humo huichachusha tangawizi kwa sukari na ndimu na mchaichai, na karafuu chache anazoletewa kutoka Kidichi. Huiacha mpaka itoe povu na ianze kukata ulimi. Wazungu wanaopita kwenda kutizama mpira huuliza kama ile ni bia. Bi. Mize huwajibu kuwa ndiyo, bia ya Waislamu. Na pipa likipitisha siku yake hulimwaga mtaroni mwenyewe, maana anasema hataki siku ya kiama aulizwe habari za pipa. Nimemuona akilimwaga huku analia. Au si kulia hasa, nisimsingizie. Macho yalimlengalenga.

Basi watu hujaa pale, hasa siku ya mechi. Huku keram, kule karata, na dhumna zinavyopigwa mezani utadhani mtu anagongelea misumari. Walioshinda wanaimba, walioshindwa wanaeleza kwa nini refa ni kipofu. Mimi kazi yangu pale si kucheza, ni kuamua. Bishano likitokea huitwa mimi niseme nani mkweli. Sijui walinichagulia nini. Labda kwa kuwa hakuna mchezo hata mmoja ninaoujua vizuri, kwa hivyo sina wa kumuonea kijicho.

Na pana desturi moja ambayo nakuomba uiweke kichwani. Kwa Bi. Mize, mtu akifungwa bao hana ruhusa ya kudai marudiano hapo hapo. Lazima aende kwa yule aliyemfunga, kibarazani kwake, akarejeshe huko. Aliyefungwa ndiye anayemfuata mwenziwe. Desturi nzuri, watu wengi wametembeleana kwa sababu yake, na wengine wameoleana.

Sasa nije kwa Haji. Haji ni fundi wa feni, mtoto wa Jang'ombe, na mdomo wake haukutiwa breki. Siku hiyo alikuwa bwana harusi. Nikah yake ilikuwa baada ya isha, Bububu, kwa kina Zuhura, na baba yake Zuhura ni Mzee Khatibu, mtu asiyesema neno mara mbili. Nikah ile ilishaakhirishwa mara moja, kwa sababu Haji alifuatana na timu kwenda Pemba, bahari ikachafuka na meli haikurudi. Mzee Khatibu akaapa mbele ya watu: safari hii isha ikisaliwa mpaka salamu ya mwisho na Haji hayumo msikitini, binti yake hamuozi tena, na pilau italiwa na majirani.

Je, ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekaa nyumbani, ungenyolewa, ungetiwa udi. Haji alikuja uwanjani. Alisema timu haijui kucheza kama yeye haitizami. Na kusema haki, timu ilishinda, kwa hivyo pengine alisema kweli. Mechi ilipomalizika akaingia kwa Bi. Mize, kanzu ya harusi ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki, akaomba bao moja tu, la kuondoa mkosi. Baada ya hapo mimi nimpakie kwenye vespa yangu, magharibi ituadhinie Bububu. Nikatizama jua. Wakati ulikuwepo, tena wa kutosha. Wallahi ulikuwepo.

Shida ilikuwa acheze na nani. Waliokuwepo walikuwa wameshajifunga kwenye dhumna zao, na wengine wengi walikuwa bado njiani na tarumbeta. Mpinzani wake Haji wa siku zote ni Makame, na Makame tangu ahamie shamba tulikuwa hatumuoni. Haji akakaa, mlango akaupa mgongo, akawa anazipanga komwe kwenye mashimo huku anamsema Makame kuwa anaogopa. Ndipo mlangoni pakapigwa hodi.

Haji hakugeuka. Alijua ni Makame. Akalipiga kofi benchi tupu mbele yake, akasema:

"Karibu, wewe usiyeonekana."

Nani kati yetu hasemi hivyo? Mtu akipotea siku mbili tatu, salamu yake ya kwanza si hiyo, mbona huonekani? Mimi mwenyewe nshaisema mara ngapi, sijui. Lakini sauti iliyojibu haikuwa ya Makame.

"Ahsante," ikasema. "Kumbe mnanijua."

Akaingia mtu wa makamo, kanzu ya rangi ya maziwa, kilemba kidogo, ndevu zimechongwa vizuri. Sura ya watu wa mjini, wa zile nyumba za milango ya misumari ya shaba. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, pole pole, kama mtu aliyeitikia marahaba nyingi sana maishani mwake.

Nikupe na hili, kwa sababu watu wanaokieleza kisa hiki siku hizi wanamtia kwato. Hakuwa na kwato. Sote tumefundishwa tangu udogo kuwa ukimtilia mtu shaka utizame miguu, na mimi niliitizama. Miguu ya watu, kucha zimekatwa, makubadhi mazuri. Kivuli alikuwa nacho. Kitu kimoja tu: asubuhi yake ilikuwa imenyesha mvua, na sisi sote tuliotoka uwanjani tulikuwa na tope mpaka kwenye vifundo. Yeye makubadhi yake yalikuwa makavu, safi, kama yametoka kwenye kasha. Nikajiambia atakuwa kaja na gari. Na huenda kweli alikuja na gari, mimi sikusimama njiani.

Haji alipoona si Makame alicheka, akamuomba radhi, akamuuliza kwao wapi. Mgeni akasema kwao Kidichi, jirani na mahamamu. Unayajua yale mahamamu ya zamani, ya kuogea, mawe yake yamepambwa maua. Haji akamwambia basi nyinyi mnakoga vizuri, na wote tukacheka, na mgeni alicheka kuliko sisi. Kicheko chake kilikuwa kizuri. Nikammiminia tangawizi. Bi. Mize wakati huo alikuwa uani na mapipa yake, kwa hivyo yeye hakumuona anaingia, na hakumkaribisha. Hilo pia liweke kichwani.

"Na anayefungwa?" mgeni akauliza, komwe mkononi.

"Anamfuata mwenziwe, akarejeshe."

"Hata kwetu?"

"Hata kwenu, yakhe," Haji akasema. "Ntakuja na taulo."

Wakaanza. Wewe ukikaa karibu na bao unajua komwe inavyolia ikitua shimoni. Ni mbegu ngumu, na mchezaji mzuri husikika kama mvua ya mwanzo juu ya bati. Haji akicheza tulisikia. Mgeni akicheza hatukusikia kitu. Komwe zilitoka mkononi mwake moja moja, nikaziona zinaingia shimoni, na kimya. Nikaweka kidole sikioni nikakizungusha, nikidhani ni zile tarumbeta za uwanjani. Dhumna nilizisikia vizuri sana.

Lakini uchezaji wake sikuwa na la kusema. Alikuwa anacheza kwa haki. Mara mbili Haji aliniita nitizame nihakikishe, na mara zote mbili mgeni alikuwa kwenye sheria.

Hazikupita komwe nyingi mgeni akarudi nyuma kidogo, akasema, "Jamani, nnaomba ruhusa."

Hapa kama wewe si mtu wa kwetu nikufahamishe. Unguja mgeni hainuki tu akaenda zake. Huomba ruhusa. Na mwenyeji mwenye adabu haitoi hapo kwa hapo, maana itakuwa kama alikuwa anakungojea uondoke. Atasema, aa, mapema yote hii, kaa kidogo. Mgeni naye anajua, atakaa kidogo, ataomba tena, ndipo apewe. Ndivyo tulivyolelewa. Basi Haji akamwambia kaa bwana, bao bado bichi. Mimi nikamwambia gilasi yako haijapungua, na kweli ilikuwa haijapungua, povu lake limesimama vile vile. Na wale wa dhumna, bila ya hata kutizama, wakaitikia kaa, kaa.

Mgeni akakaa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekwishajitwika mzigo akaambiwa autue.

Baada ya muda akaomba tena. Tukamwambia kaa. Akaomba tena. Tukasema, hata tangawizi hujanywa, utatutia aibu. Nasema tukasema, kwa sababu na mimi nilisema. Tulikuwa tumenogewa, niamini. Mgeni yule alikuwa na maneno mazuri, alimtania Haji kuhusu harusi, akasema mke wa Haji atakuwa na akili kuliko Haji na hiyo ndiyo salama yake. Jioni ilikuwa tamu.

Ila jioni ilikuwa haiishi.

Sikumbuki lini nilianza kuona. Jua lilikuwa juu ya nguzo ya taa za uwanja. Nikanywa funda, nikatizama, lipo juu ya nguzo. Haji akacheza, mgeni akacheza, nikatizama tena, lipo juu ya nguzo. Njiani kundi la washangiliaji lilikuwa linaimba, na nyimbo yao ilikuwa imefika kwenye beti inayomtaja golikipa, na ilikuwa imefika hapo tangu zamani. Wakimaliza golikipa wanarudia golikipa. Na adhana ya magharibi? Mji huu hukai mahali usisikie adhana, ukikosa msikiti huu unasikia ule. Haikuadhiniwa hata mmoja. Simu ya Haji ilikuwa juu ya meza. Simu ya bwana harusi, siku ya harusi yake, na haikulia.

Nilitaka kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Halafu nikajiuliza, nani ataniamini, na mimi mwenyewe sijiamini? Huenda ni kiwi cha macho. Huenda tangawizi ilikuwa ya pipa lililopitisha siku yake. Nikaufunga.

Haji sasa alikuwa hatanii tena. Komwe za mgeni zilikuwa zinazunguka. Wachezaji wanajua, mchezo mmoja waweza kuzunguka bao zima, ukala, ukaendelea, ukala tena. Huu ulizunguka mpaka jasho likamtoka Haji. Baadaye nilimuuliza, kwa nini hukuinuka? Miguu ilikuwa imekufa ganzi? Akaniambia miguu ilikuwa mizima. Ila aliona haya kuinuka naye mgeni bado amekaa.

Umeielewa? Mgeni hawezi kuondoka hajapewa ruhusa. Haji hawezi kuondoka mgeni hajaondoka. Na sisi tuliobaki tunasema kaa, kaa.

Ndipo pazia la uani likafunguka, Bi. Mize akatokeza na taa ya chaji mkononi.

"Nyinyi mmekaa kizani mnafanya nini?" akauliza.

Tukageuza vichwa. Kulikuwa na kiza. Mlangoni kiza, dirishani kiza, jua halipo, nguzo yenyewe haionekani. Bi. Mize akamuona Haji, taa nusura imponyoke. "Isha hiyo inaingia. Na huyu bwana harusi kakaa hapa na tope zake?"

Mgeni akamtizama Bi. Mize. Sauti yake ilikuwa imechoka, kama ya mtoto anayetaka kupelekwa kulala.

"Mama, nnaomba ruhusa."

Na sisi, utaamini, midomo yetu sote ilikuwa imeshafunguka kusema kaa kidogo. Hata wakati ule. Lakini Bi. Mize ni mtu ambaye mtaa mzima husema hana adabu. Akitaka kufunga hufunga, uwe sheha uwe nani. Akasema:

"Ruhusa, baba. Mwendo mwema. Nenda kwenu, na hawa nao waende kwao."

Mgeni alishusha pumzi ambayo mpaka leo sijaisikia kwa mtu mwengine. Akainuka, akaweka mkono kifuani. "Mungu akulipe, mama. Hawa watu ni wema mno. Wema wao umekaribia kuniua." Halafu akainama, akaitia komwe yake ya mwisho shimoni, na hiyo moja tukaisikia: kak. "Zamu yako, bwana harusi," akasema. "Mimi nitangojea."

Akatoka. Niliinyakua taa ya Bi. Mize nikamfuata. Kwenye tope sikuona alama ya makubadhi, lakini sitaki kulifanya hilo ushahidi, watu wengi walikuwa wamepita pale. Njia ilikuwa tupu, ila wale washangiliaji tu, na wakati ule ule nyimbo yao ilimuacha golikipa ikaingia beti inayofuata. Kisha adhana ya isha ikaja kutoka kila upande wa mji kwa mpigo mmoja, na juu ya meza simu ya Haji ikaanza kulia, haikunyamaza mpaka alipoizima.

Sitakueleza mwendo tuliokwenda mpaka Bububu, kwa sababu mwenye vespa ni mimi na askari wa barabarani nao wanasoma. Haji aliivaa kanzu humo humo njiani, nyuma yangu, nikawa nasikia kitambaa kinanipiga kisogoni. Magharibi ilishatupita, tukailipa baadaye. Udhu aliuchukua bombani nje ya msikiti, mbio mbio. Kama ulitimia haukutimia, hilo ni lake na Mola wake.

Mzee Khatibu alisali safu ya nyuma siku ile, karibu na mlango, makusudi. Haji aliingia watu wamo kwenye kikao cha mwisho, akajibanza pembeni, upande wa kushoto. Mimi nilikuwa nje navua viatu, nikayaona yote. Imamu akatoa salamu. Mzee Khatibu akageuza uso kulia, hayupo. Nikaona bega lake linashuka. Akageuza uso kushoto, na Haji yule pale, kofia imekaa upande, tope kwenye vifundo.

Baada ya dua akamwita kando. Mimi nilisogea, sikuitwa lakini nilisogea. Akamuuliza alikuwa wapi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Haji hakutafuta mzaha.

"Nilikuwa na mgeni, mzee. Hakuwa na ruhusa ya kuondoka."

"Mgeni wa wapi?"

"Kidichi. Jirani na mahamamu."

Watu wa Bububu na Kidichi ni majirani. Mzee Khatibu akamtizama Haji miguuni, kisha usoni.

"Mlicheza?"

"Bao."

"Kakufunga?"

"Hatujamaliza."

Mzee Khatibu akamuwekea mkono begani, akamrekebisha kofia. "Basi usimalize," akasema. Halafu akageuka kwa imamu, akamwambia tuanze, pilau isipoe. Na Zuhura akaozwa usiku ule, na mimi nilikula sahani mbili.

Nilijaribu baadaye kumuuliza Mzee Khatibu anajua nini. Aliniuliza kama vespa yangu inakula mafuta mengi. Na yule bwana anayemletea Bi. Mize karafuu kutoka Kidichi, nilimuuliza kama kuna mtu wa sura hiyo kwao. Akasema hakuna anayekaa kwenye mahamamu, ni mawe matupu na popo. Halafu akaniuliza kanzu ilikuwa rangi gani. Nilipomwambia ya maziwa, akachukua gunia lake tupu akenda zake bila ya kuomba ruhusa.

Bi. Mize hakukubali bao lile liguswe. Alilifunika kanga yake, na jina la kanga hiyo, sikuchagua mimi, ni Mgeni njoo mwenyeji apone. Haji alipotoka fungate alikuja, akalifunua, na yule ni Haji, mdomo ulikuwa umesharudi. Akasema zamu ni yangu, mtu asije akasema nimemkimbia. Akacheza mchezo mmoja, tukacheka, tukafunika. Ikaja siku ya mechi, watu wakajaa, kelele, tarumbeta. Asubuhi yake Bi. Mize akanipigia simu niende. Akafunua kanga. Komwe zilikuwa zimechezwa.

Mimi nilidhani ni mzaha wa watu wa dhumna. Ni watu wa mzaha. Kwa hivyo siku ya mechi iliyofuata, Haji alipokwishacheza zamu yake, nilinyunyiza unga wa ngano kulizunguka bao lote, mezani na chini, kanga nikaitandaza juu yake vizuri, na ufunguo wa mlango nikalala nao mimi. Asubuhi unga ulikuwa kama nilivyouacha, hapana hata alama ya mende. Na komwe zilikuwa zimechezwa. Nikakaa nikazihesabu, nikaurejesha mchezo nyuma shimo kwa shimo, nikatafuta pa kumshika. Hajaiba hata moja. Mpaka leo hajaiba hata moja, na hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Hivyo ndivyo tulivyo sasa. Siku ya mechi Haji huja, hucheza, na asubuhi jibu lipo. Bi. Mize humuwekea gilasi pembeni mwa bao. Asubuhi huwa imejaa vile vile, na tangawizi yake ni baridi, baridi ya maji ya kisima. Si mbaya. Niliionja.

Tatizo ni kuwa Haji anafungwa. Kila mechi safu yake ya mbele inapungua, na ikimalizika yote ndiyo hamna, bao limekwisha, na aliyefungwa anamfuata mwenziwe. Ameshaahidi, kwa mdomo wake, mbele yangu mimi mwamuzi. Na taulo juu. Zamani alikuwa anacheza huku anacheka. Sasa hukaa mbele ya bao lile mpaka tangawizi yake inakufa povu.

Aliyetuokoa, kama tumeokoka, ni Zuhura. Alimuona mumewe halali, akamuuliza, akaambiwa yote. Hakulia. Alimwambia amchoree bao kwenye karatasi amfundishe. Na baada ya muda si mrefu, Haji mwenyewe anasema, alikuwa anamfunga Haji jikoni huku anakuna nazi. Siku ya mechi akaja naye, na buibui lake, akakaa pembeni, akamnong'oneza mumewe shimo la kuanzia.

Watu wakanitizama mimi. Kwenye bao kunong'onezana ni kosa, hapana asiyejua. Nilifikiri sana. Nilitizama benchi tupu, kwa sababu naye ana haki yake, hata kama haonekani. Mwisho nikasema kwa sauti, ili kila mwenye masikio asikie, kuwa aliyekaribishwa kucheza ni bwana harusi, na bwana harusi bila ya bibi harusi ni fundi wa feni tu. Kwa hivyo mkono wa Zuhura ni mkono wa Haji. Mwenye pingamizi aseme. Nikangoja. Benchi halikusema kitu. Zuhura akacheza.

Asubuhi zamu ilikuwa imejibiwa kama kawaida, ila kwa mara ya kwanza gilasi ilikuwa tupu. Bi. Mize akasema basi, karidhia. Mimi nilikumbuka maneno ya mgeni siku ile, kuwa akili ya mke ndiyo salama ya Haji, nikahisi pengine na yeye hataki bao liishe. Lakini sina uhakika, nisimsemee.

Sasa nikuusie wewe unayesoma. Ukipigwa hodi, geuka kwanza umtizame mtu usoni, ndipo useme karibu, na umtaje kwa jina lake. Na mgeni akikuomba ruhusa, mpe. Usimwambie kaa kidogo kwa ajili ya adabu tu, huwezi kujua kwao neno lina uzito gani. Kwa Bi. Mize siku hizi mtu akisema nnaomba ruhusa, nyumba nzima inaitikia kwa pamoja, ruhusa, mpaka wageni wengine wanatununia. Makame alirudi, akanuna mwezi mzima. Tumemuacha anune.

Kesho kuna mechi. Zuhura alicheza juzi, hakungojea siku ya mechi, mchezo ambao sijapata kuuona, ukazunguka bao zima ukarudi na nusu ya komwe za mwenziwe. Zamu ni ya yule, naye hajibu ila usiku wa mechi. Mimi ni mwamuzi, sina upande, na nimejitahidi kuandika hivyo tangu mwanzo. Lakini jana baada ya isha nilipoinua mikono, Mungu anisamehe, nilimuombea Haji.